Macho mekundu: Maswali yanayotangulia dawa

Mwezi Januari mwaka 2024 Wizara ya Afya ya Tanzania iliwatahadharisha wananchi kuhusu ongezeko la wagonjwa wa macho mekundu jijini Dar es Salaam. Miezi miwili baadaye Uganda nayo ikatangaza mlipuko. Milipuko ya namna hiyo kwa kawaida husababishwa na virusi, lakini si kila jicho jekundu lina virusi.

Ndiyo maana mhudumu wa afya huanza kwa maswali. Je, limeanza jicho moja au yote mawili? Linauma au linawasha tu? Virusi aghalabu huanza jicho moja, likatoa machozi mengi, kisha jicho la pili likafuata. Matongotongo mazito yanayogandisha kope asubuhi huashiria bakteria. Mwasho mkali wa macho yote mawili, hasa kwa mtoto mwenye pumu, huelekeza kwenye mzio. Kazi nayo huulizwa: moshi wa kuni, vumbi la saruji na cheche za kuchomelea vyuma, vyote hudhuru jicho.

Baada ya maswali hupimwa uwezo wa kuona, jicho moja moja. Kisha ukope hugeuzwa kutafuta kibanzi kilichojificha, na tone la rangi ya manjano hutiwa jichoni. Chini ya mwanga wa buluu, rangi hiyo hung'aa kijani mahali penye kidonda.

Hatua hiyo ina uzito wake. Matone yenye steroidi, aliyobakiza jirani, hutuliza wekundu huku yakizidisha kidonda cha virusi vya hepesi, na yakitumiwa kwa muda mrefu huweza kuleta shinikizo la macho. Mkojo, unaotiwa na baadhi ya watu, huweza kuingiza jichoni vijidudu vya kisonono. Mwisho wake waweza kuwa upofu.

Maumivu makali, kuumizwa na mwanga, kuona kwa ukungu, au usaha katika macho ya mtoto mchanga ni sababu ya kufika hospitali siku hiyo hiyo. Iwapo chokaa au saruji imeingia jichoni, lioshwe kwanza kwa maji safi mengi kwa muda usiopungua dakika 15, ndipo safari ianze.

Maambukizi ya virusi mara nyingi hupona yenyewe katika wiki moja hadi tatu. Hadi hapo, mgonjwa anawe mikono kwa sabuni na asichangie taulo na mtu.