Je, Wajua? Baharia wa Klee ukutani kwako

Huenda umeshauona mchoro huu kwenye duka la fremu: mtu mwembamba ndani ya mashua, mkuki mkononi, na samaki watatu wa kutisha wakimkabili. Nakala zake zimetundikwa sebuleni kwa watu wengi. Haya hapa ya kuwasimulia wageni wakiuliza.

Je, wajua kwamba opera inayoonyeshwa hapo haipo? Paul Klee, mzaliwa wa Uswisi, aliuchora mwaka 1923 na kuuita onyesho la vita kutoka opera ya vichekesho na maajabu, "Baharia". Opera yenyewe aliibuni kichwani. Wengi huuita tu "Sindbad Baharia", yule yule wa Alfu Lela Ulela.

Je, wajua kwamba jukwaa la mchoro huu linamulikwa bila taa hata moja kuchorwa? Bahari yote ni miraba ya buluu. Pembeni miraba ni mizito, karibu nyeusi. Kadiri inavyosogea kwenye pambano ndivyo inavyopauka. Jicho lako linavutwa katikati, palepale mkuki unapomfikia samaki wa kwanza. Nao samaki wamerembwa kwa milia na madoa kama pindo la kanga, hivyo wanachekesha kuliko wanavyotisha.

Je, wajua kwamba mistari yake haikuchorwa moja kwa moja kwenye karatasi ile? Klee alipaka karatasi moja rangi nyeusi ya mafuta, akailaza kifudifudi juu ya karatasi safi, akaweka mchoro wake juu, kisha akaufuatisha kwa ncha kali. Mstari uliojichapa chini ulitoka na ukungu na madoa kidogo. Baada ya hapo ndipo alipopaka rangi za maji. Mafuta na maji havichanganyiki, kwa hiyo mstari haukufutika.

Je, wajua kwamba Klee alikuwa mpiga fidla hodari, na tangu utotoni alishiriki katika okestra mjini Bern? Mkewe, Lily, alikuwa mpiga piano. Walipoishi Munich, mke ndiye aliyetafuta riziki kwa kufundisha piano, mume akipika na kumlea mtoto wao, Felix.

Je, wajua kwamba Felix alitengenezewa na babake vikaragosi vya kuchezea takriban 50, kati ya 1916 na 1925? Kimoja kilitokana na kiberiti kitupu, kingine na soketi ya umeme. Vilivyosalia ni 30; baadhi viliteketea mji wa Würzburg ulipopigwa mabomu mwaka 1945. Felix naye alikua akawa mwongozaji wa maigizo.

Je, wajua kwamba Afrika ina sehemu yake katika rangi hizi? Aprili 1914 Klee alisafiri Tunisia pamoja na wachoraji August Macke na Louis Moilliet. Huko Tunis na Kairouan alichora kwa rangi za maji, na tangu safari hiyo rangi ikashika nafasi kubwa katika kazi zake. Isitoshe, kinachoshikisha rangi za maji kwenye karatasi ni gundi ya mgunga, na nchi inayoongoza kwa kuizalisha duniani ni Sudan.

Je, wajua kwamba utawala wa Wanazi ulizichukia kazi zake? Mwaka 1933 alipoteza kazi ya ualimu katika chuo cha sanaa cha Düsseldorf, akarudi Uswisi. Mwaka 1937 picha zake 17 ziliwekwa kwenye maonyesho yaliyoandaliwa Munich ili sanaa ya kisasa idhihakiwe.

Je, wajua kwamba Klee alifariki mwaka 1940, na kwa hiyo hakimiliki ya michoro yake imekwisha, Ulaya na hata hapa kwetu? Kuchapisha nakala ya kutundika nyumbani si wizi. Ila nakala ni nakala: usikubali kuuziwa bango kwa bei ya mchoro halisi.

Je, wajua namna ya kutambua nakala iliyokatwa ovyo? Klee alizoea kubandika michoro yake ya karatasi juu ya kadi, kisha akaandika chini mwaka, namba na jina la kazi. Maandishi hayo ni sehemu ya kazi yenyewe. Mwambie fundi wa fremu asiyafunike.

Je, wajua kwamba adui mkubwa wa rangi za maji ni mwanga? Kwa kawaida makumbusho huzimulika kwa lux 50 tu, mwanga hafifu mno ukilinganisha na jua la dirishani. Ikiwa una mchoro halisi wa rangi za maji, wa msanii yeyote, utundike ukuta usiofikiwa na jua, mbali na jiko na bafu. Weka kadi isiyo na asidi, iliyokatwa dirisha katikati, kati ya karatasi na kioo ili visigusane, maana kwenye joto la pwani unyevu hunasa hapo na kuotesha kuvu.

Na usisubiri Klee. Wachoraji wa rangi za maji wapo mjini kwako, na maigizo ya kuchorwa hayajakwisha. Mwagize mmoja akuchoree onyesho unalolipenda.