Maji ya Rejeta

Leo tunasoma juu ya maji yanayopoza injini ya dizeli. Somo hili ni la madereva na utingo wao, lakini hata wewe unayepanda basi la Musoma, au unayepakia dagaa zako kwenye lori, fuatana nasi.

Mafuta yakiungua ndani ya silinda, injini hupata joto kali. Pampu huyazungusha maji kando ya silinda, yakalichukua joto hilo mpaka kwenye rejeta. Huko feni na upepo huyapoza, kisha hurudi tena kazini.

Dar es Salaam, kando ya bahari, maji huchemka kwenye digrii 100. Mwanza iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na hapa maji huchemka mapema, kwenye digrii 96 hivi. Kinachoiokoa injini ni mfuniko wa rejeta. Una springi na mpira, nao huyabana maji mpaka yaweze kupita digrii 110 bila kuchemka. Mpira ukichakaa, au mfuniko ukipotea na mtu akaziba kwa kitambaa, maji yatachemka mlimani na kumwagika.

Kwa sababu hiyo hiyo, usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto. Nguvu iliyoyabana maji ikitoka, yote huchemka mara moja na kukurukia usoni. Watu wameungua hivyo. Simamisha gari, zima injini, ngoja nusu saa au zaidi, mpaka uweze kuushika mfuniko kwa mkono mtupu. Wala usimimine maji baridi katika injini yenye moto: silinda hedi yaweza kupasuka, na bei yake hula faida ya safari nyingi.

Utasema, "Ziwa liko hapa, kwa nini ninunue maji?" Maji ya ziwani yana matope na kile kijani kinachoelea ufukoni, navyo huziba vijia vyembamba vya rejeta. Maji ya kisima mara nyingi huacha ukoko mweupe, kama ule wa ndani ya birika lako. Tena dizeli hutetemeka sana. Ukuta wa silinda unapotetemeka, vipovu vidogo hupasuka juu yake upande wa maji, na kuutoboa kidogo kidogo. Dawa iliyomo katika kulanti huukinga. Maji ya ziwa yakufikishe kwa fundi tu, basi.

Kesho asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua mfuniko utazame. Rangi ya kutu maana yake maji yamwagwe na rejeta isafishwe. Mafuta yakielea juu, usiwashe gari, mwite fundi. Bonyeza mkanda wa feni uone kama umelegea. Kisha andika katika daftari tarehe na kiasi cha maji ulichoongeza. Ukiona umeandika lita moja kila siku, maji yanavuja mahali. Mpelekee fundi daftari hilo pamoja na gari.