Kalamu Pia ni Dawa

Ukienda zahanati ukiwa na homa, nesi hukupima, hukupa dawa, kisha huandika katika rejista kubwa iliyo mezani. Wengi wetu hudhani anajaza kitabu tu. La hasha! Maandishi hayo huanza safari ndefu, na safari hiyo ikikatika, kuna watakaopoteza maisha.

Hebu tuifuate safari yenyewe. Kila mwisho wa mwezi nesi huhesabu kutoka rejistani: wa malaria wangapi, wa kuhara wangapi, watoto waliochanjwa wangapi. Hesabu hizo hujazwa katika fomu na kupelekwa kwa afisa wa rekodi za afya wa kaunti ndogo, naye huziingiza kwenye kompyuta. Zamani fomu zilirundikana wilayani, na zilipofika Nairobi habari zilikuwa zimechacha. Mwaka 2011 Kenya ilianza kutumia kote nchini mfumo wa intaneti uitwao DHIS2. Mizizi ya mfumo huu iko papa hapa Afrika. Ulianzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi kukomeshwa, watafiti wa huko wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Tena hauuzwi, nchi yoyote yaweza kuutumia bure. Hesabu zikishaingizwa, kaunti na wizara huziona papo hapo. Kwa maradhi kama kipindupindu, hakuna kungoja mwisho wa mwezi. Kisa kikishukiwa tu, huripotiwa mara moja.

Je, hesabu hizi zina faida gani? Tuchukue mfano. Chanjo ya pentavalenti hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Tuseme zahanati fulani imewapa watoto 40 chanjo ya kwanza, lakini waliorudi kwa ya tatu ni 28. Wale 12 wako wapi? Nesi hawezi kuwaona kwa macho kwa sababu hawako kwenye foleni. Ni hesabu ndiyo inayomwambia kuwa hawapo. Hapo mhudumu wa afya ya jamii hutumwa kuwatafuta nyumbani kabla kifaduro au dondakoo haijawapata.

Shida kubwa ni nafasi iliyoachwa tupu kwenye fomu. Nesi akiandika sufuri mbele ya surua, maana yake ni kwamba ameangalia na hakuna mgonjwa. Asipoandika kitu, hatujui lolote. Mkubwa akidhani tupu ni sufuri, ugonjwa utaenea huku ofisini wakisema kumetulia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua, lakini mara nyingi nesi hafichi kitu. Yuko peke yake: anatibu, anachanja, anazalisha, na rejista kadhaa zinamngoja. Jamani, mtu ana mikono miwili tu!

Tufanyeje basi? Kwanza, rejista zipunguzwe ili jambo moja lisiandikwe mara tatu. Pili, umeme na mtandao vifike mashinani. Mwaka 2023 serikali ilizindua ugawaji wa vifaa, simu zikiwemo, kwa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000. Ni hatua njema, lakini simu isiyo na chaji haipeleki habari. Tatu, majibu yarudi kwa nesi. Anayepeleka hesabu kila mwezi bila kuambiwa zilisaidia nini, mwishowe atachoka na kuandika chochote.

Nasi wanafunzi tuna sehemu yetu. Taja umri wako na kijiji chako sawasawa. Mkumbushe mama abebe kijitabu cha kliniki cha mtoto. Mtu akizaliwa au akifariki nyumbani, naibu wa chifu apashwe habari ili aandikishe. Haba na haba hujaza kibaba. Asiyeandikwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa, dawa zikiagizwa, yake haimo.