Plasta Imetoka, Kazi Imebaki

   Kama hapo nyumbani kuna mtoto mwenye plasta, au mzee aliyevunjika mfupa, vuta kiti usikilize, maana mazungumzo ya leo ni yako.

Wengi wetu tunajua la kufanya mtu anapovunjika: tunamkimbiza hospitali, anapigwa picha, anafungwa plasta. Kisha tunahesabu wiki. Siku plasta inapokatwa tunamshukuru Mungu na kusema, "Amepona." Mama, siku hiyo mfupa umeshika, lakini mtu bado hajapona. Kushika ni jambo moja, na kurudi kuandika, kufua, kutembea na kucheza kama zamani ni jambo lingine. Katikati yake kuna kazi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika nyumbani kwako.

Nikupe mfano. Msimu mmoja wa maembe, mvulana wa miaka saba alianguka kutoka mwembeni akavunjika mkono juu kidogo ya kiwiko. Alifungwa plasta, akakaa nayo wiki 4. Ilipotolewa, mkono ulikuwa mwembamba, ngozi imekauka inabanduka, na kiwiko kimekunjika, hakinyooki. Mama yake alishtuka. Nyanya akasema mfupa haukuungwa sawasawa, aitwe mchuaji auvute. Siku hiyo nilikuwa katika ziara zangu za nyumbani. Nilipobisha hodi, mafuta yalikuwa yamekwisha pashwa moto, na mvulana amejificha nyuma ya mlango.

Niliomba kiti, tukazungumza. Niliyowaambia ndiyo nitakayokuambia wewe.

Mfupa huungana vipi? Unapovunjika, damu huganda mahali pale. Ndani ya wiki mbili au tatu za kwanza mwili hujenga pale kamba laini ya kushikilia vipande viwili. Polepole kamba hiyo huwa ngumu, ikawa mfupa mchanga. Kisha mwili huendelea kuuchonga na kuunyoosha mfupa huo kwa miezi mingi, hata miaka. Mkono wa mtoto huweza kushika kwa wiki 3 hadi 6. Kifundo cha mkono cha mtu mzima huchukua kama wiki 6. Mfupa wa muundi au wa paja wa mtu mzima unaweza kuchukua miezi 3, 4 au zaidi. Kwa hiyo usilinganishe mguu wa mume wako na mkono wa mtoto wa jirani.

Wakati huo wote mfupa unapojengwa, misuli imelala. Misuli isiyofanya kazi hunyauka, na kiungo kisichokunjwa hukakamaa, kama bawaba ya mlango uliofungwa muda mrefu. Ndiyo maana mkono wa yule mvulana ulikuwa mwembamba na kiwiko kigumu. Haikuwa dalili kwamba mfupa uliungwa vibaya.

Basi je, tuuvute? Hapana, mama. Tafadhali, hapana. Kiwiko cha mtoto kikivutwa au kuchuliwa kwa nguvu, misuli huumia na kuvuja damu ndani, na pengine mfupa mpya huota ndani ya misuli, mahali usipotakiwa. Hapo kiwiko hukakamaa zaidi kuliko mwanzo. Mfupa mchanga nao unaweza kuvunjika tena.

Dawa ya kiwiko cha mtoto ni mtoto mwenyewe kukitumia. Mpe karai la maji ya uvuguvugu, acheze na kukamua kitambaa. Akae nawe mchambue maharagwe. Ale kwa mkono huo, ajipake mafuta, ajaribu kugusa bega, ajaribu kugusa kichwa. Afanye kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku, akiishia pale anapohisi kuvutika na si pale anapolia. Kwa watoto wengi kiwiko hurudi polepole, kwa wiki na miezi. Usimpime kila asubuhi. Mpime kila baada ya wiki mbili, ndipo utaona tofauti.

Na kwa wiki 4 hadi 6 za kwanza baada ya plasta, asipande mti, asicheze mpira wa kusukumana, wala asibebe mtungi. Zungumza na mwalimu wake pia, kwa sababu mwalimu haoni mfupa. Yeye huona tu kwamba plasta imetoka.

Sasa nikuambie jambo zito zaidi. Mapema katika kazi yangu, msichana mdogo aliletwa kwetu siku ya nne baada ya kuvunjika kigasha. Alikuwa amefungwa vijiti na kamba, imekazwa sana. Usiku wa kwanza alilia mpaka asubuhi, na watu wazima wakasema ni kawaida, mfupa unauma. Siku ya pili alinyamaza, wakafurahi. Kumbe alinyamaza kwa sababu mkono ulikuwa umekufa ganzi. Mfupa wake uliungana vizuri kabisa. Lakini vidole vilijikunja kama kucha za ndege, na havikufunguka tena. Mama, mfupa ulipona, mkono haukupona.

Lile halikuwa kosa la vijiti peke yake. Hata plasta ya hospitali inaweza kubana mkono unapovimba. Kwa hiyo, iwe umefungwa na nani, kagua vidole mara nyingi katika siku mbili tatu za kwanza. Weka mkono au mguu juu ya mto, uwe juu kuliko kifua. Ukiona maumivu yanazidi badala ya kupungua hata baada ya dawa, au mtoto analia ukinyoosha vidole vyake, au vidole ni baridi, vimepauka, vimekuwa vya buluu, vina ganzi au havisogei, usingoje kupambazuke. Rudi hospitali saa hiyo hiyo. Misuli iliyokosa damu huanza kufa kwa saa chache tu.

Kuna jambo jingine kuhusu watoto. Karibu na ncha za mifupa yao kuna sehemu laini ambapo mfupa hurefukia. Mfupa ukivunjika hapo, ubaya wake unaweza kuonekana baada ya miezi: mguu mmoja unabaki mfupi, au mkono unaanza kupinda. Ndiyo maana daktari hukupa tarehe ya kurudi hata mtoto akiwa anaruka kamba. Wengi wetu huacha kurudi kwa sababu ya nauli, na naelewa, nauli si mchezo. Lakini usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kupinda kunakoonekana mapema hurekebishwa kwa urahisi zaidi kuliko kupinda kulikokomaa.

Tuje kwa watu wazima. Siku hizi wodi za mifupa zimejaa vijana walioanguka na bodaboda. Kijana akirudi nyumbani na magongo, usimfanyie kila kitu. Muulize daktari au mtaalamu wa mazoezi swali moja: "Akanyage kwa uzito gani, na kuanzia lini?" Kuna mguu usiotakiwa kukanyaga kabisa kwa wiki kadhaa, na kuna mguu unaopona vizuri zaidi ukikanyagwa mapema. Hata asiyekanyaga bado anaweza kuchezesha vidole, na kukaza na kulegeza misuli ya paja akiwa amelala.

Akifika hatua ya kutumia mkongojo mmoja, aushike kwa mkono ulio upande wa mguu mzima. Wengi huushika upande wa mguu mbovu, na hivyo huzidi kuyumba. Kama anavuta sigara, mwambie moshi huchelewesha mfupa kuungana. Kama ana chuma ndani, si lazima kitolewe. Wengi huishi nacho maisha yao yote. Lakini kidonda kikitoa usaha, au maumivu mapya yakija na homa, arudi hospitali. Ndama ya mguu ikivimba na kuuma, au akishikwa ghafla na shida ya kupumua, hiyo ni dharura. Huenda damu imeganda mguuni na kusafiri hadi mapafuni.

Na nyanya zetu? Mwanamke akishapita umri wa kukoma hedhi, mifupa yake huanza kupungua uzito. Kujikwaa tu mlangoni kunatosha kuvunja nyonga. Hili ndilo vunjiko linalobadilisha maisha kuliko mengi. Karibu nusu ya wazee waliovunjika nyonga hawarudi kutembea kama walivyotembea mwanzo. Wengi wanahitaji upasuaji, na ukifanywa mapema ni bora, kwa sababu mzee akilala kitandani kwa wiki nyingi hupata vidonda vya mgongoni, nimonia na damu kuganda. Usikubali kusikia, "Ni mzee, mwacheni apumzike." Kupumzika huko ndiko kunakommaliza.

Akirudi nyumbani, mgeuze kila saa mbili kama hawezi kujigeuza. Mketishe, msimamishe, mtembeze kama ulivyoelekezwa. Kisha angalia nyumba kwa macho ya mzee: mkeka unaoteleza, kizingiti kirefu, njia ya choo yenye giza, malapa yaliyolegea. Weka taa usiku. Funga kamba au mti wa kushikilia njiani hadi chooni. Mzee aliyevunjika mara moja yuko katika hatari kubwa ya kuvunjika tena. Mwulize daktari pia kuhusu dawa za kuimarisha mifupa.

Chakula je? Kila wiki naulizwa kuhusu supu ya mifupa. Supu si mbaya, mpe kama anaipenda. Lakini madini ya mfupa hayatoki kwa wingi kuingia katika supu. Mfupa hujengwa kwa maziwa, mala, omena zinazoliwa nzima na mifupa yake, mayai, maharagwe, ndengu na mboga za kienyeji kama terere na saga. Jua nalo husaidia mwili kutumia madini hayo.

Mwisho, tusisahau moyo. Mtu aliyevunjika huogopa. Mtoto huogopa kuguswa. Baba aliyekuwa akileta unga huona aibu kuletewa uji. Nyanya hukataa kutoka nje, akisema hana haja, kumbe anaogopa kuanguka. Kadiri anavyoogopa ndivyo anavyokaa, na kadiri anavyokaa ndivyo miguu inavyodhoofika. Usimcheke, na usimkaripie. Mpe kazi ndogo anayoiweza: kupukuchua mahindi, kushika hesabu ya duka, kumfundisha mtoto kusoma. Tembea naye hadi mlangoni leo, kesho hadi kwenye mti. Akiwa hali, halali, au anasema heri angekufa, huo nao ni ugonjwa. Mlete kituoni tuzungumze naye.

Naam, nimalizie habari ya yule mvulana. Nyanya yake alinisikiliza, akafikiri, kisha akachukua yale mafuta ya moto akayaweka kando yapoe. Jioni akampaka mjukuu polepole juu ya ngozi kavu tu, bila kuvuta. Yeye ndiye aliyekuwa akimkalisha kila siku kuchambua maharagwe. Mwezi wa kwanza mama alinung'unika kwamba haoni tofauti. Mwezi wa tatu mvulana aligusa bega lake. Leo kiwiko chake, ukikiangalia kwa makini, hakinyooki kabisa kama kile kingine. Lakini anaandika, anafua sare yake na anachota maji. Na maembe huyaangusha kwa upondo, akiwa amesimama chini.

Mama, kwa hiyo ukumbuke haya matatu. Kagua vidole siku za kwanza. Usivute wala kuchua kiungo kwa nguvu plasta ikitoka. Na usikose tarehe ya kurudi. Ukiwa na swali, mwulize mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako, au ufike katika zahanati iliyo karibu nawe.