Mbolea ya Masieda Huishia Wapi?

Mvua za kwanza zinaponyesha Masieda, makorongo hujaa maji ya tope. Wengi huona udongo tu unaoondoka. Kumbe pamoja nao huondoka samadi ya zizini, na mbolea ya dukani ambayo mtu aliuza mbuzi ili ainunue.

Maji hayo hayaendi baharini. Mbulu imo katika Bonde la Kati, ambalo mito yake haina pa kutokea. Yasiyonywewa na ardhi hutuama kwenye malambo, mabonde na maziwa ya chumvi kama Eyasi, na kwa upande wa Hanang, Balangida. Jua huyakausha maji, lakini kilichomo hubaki. Watu wa pwani wana mikondo ya bahari inayotawanya angalau sehemu ya uchafu wao. Sisi hatuna.

Naitrojeni huyeyuka majini. Fosforasi hung'ang'ania chembe za udongo. Zikifika lamboni hustawisha mwani kama ambavyo zingestawisha mahindi. Mwani ukifa na kuoza humaliza oksijeni, samaki wakafa. Aina nyingine za ukijani huo hutoa sumu inayoweza kumuua ng'ombe anayekunywa hapo.

Tazameni Ziwa Victoria. Magugu maji yalipolivamia, katika miaka ya 1990 waliachiliwa wadudu wa kuyala, na yakapungua sana. Baadaye yakarudi, kwa kuwa chakula chake kiliendelea kuingia kutoka mashambani na mijini. Tena fosforasi iliyokwisha kulala kwenye tope huendelea kutoka kidogo kidogo kwa miaka mingi, hata mito ikisafishwa. Anayeanza kuzuia leo asitegemee kuona maji meupe mwakani, na asiambiwe kwamba amefanya kazi bure.

Kazi yenyewe ni ya shambani, na si ngeni. Wazee Wairaqw wa Kainam walilima miteremko mikali kwa matuta yaliyokinga maji, wakafuga ng'ombe nyumbani na kurudisha samadi shambani. Tuongeze nyasi kando ya korongo. Mbolea ya kukuzia ifukiwe, isimwagwe juu wakati wingu zito limeshatanda. Lambo nalo lizungushiwe uzio wa miiba, ng'ombe wanyweshwe kwenye birika nje yake, maana kinyesi kinachoangukia majini hakihitaji hata mvua ya kukisafirisha.