Mganda: Istilahi ya Hisabati ya Mitandao

Dhana iliyoanzishwa na Jean Leray katika miaka ya 1940 hatuiiti "kitita", kwani kitita hukusanya tu. Tunapendekeza "mganda": mabua yaliyofungwa pale yanapokutana.

Katika bandari kavu ya Isaka, shehena ya reli itokayo Dar es Salaam huhamishiwa malori yaendayo Rwanda na Burundi. Daftari la reli na la malori, yakiafikiana juu ya kila kontena lililomo katika yote mawili, huunganika kuwa daftari moja, wala si zaidi. Yakihitilafiana juu ya kontena moja tu, daftari la jumla halipo, hata kama kila karani aapa kwamba lake ni sahihi.

Ulimwengu wa miganda yote ya mtandao, kwa nadharia ya Grothendieck, na uitwe "toposi". Humo kauli huweza kuwa kweli Isaka pasipo kuwa kweli njia nzima.