Unawinda gitaa mnadani mtandaoni? Jichunge na madau hewa

UMEONA gitaa la mtumba kwenye eBay, bei iko poa, ukaweka dau. Dakika chache baadaye mtu anakupiku. Unaongeza, anakupiku tena. Jiulize: huyo ni mnunuzi kweli, au ni muuzaji mwenyewe, ama beshte yake, anayekupandishia bei kwa akaunti nyingine? eBay imeupiga marufuku mchezo huo, lakini wajanja hawaishi.

Fungua historia ya madau. Majina yamefichwa, ila tabia haifichiki. Mtu huyo ana alama ngapi za sifa? Sifuri? Asilimia ngapi ya madau yake inaenda kwa muuzaji huyo huyo? Ikiwa ni 100 kwa vitu vingi tofauti, hapo kuna jambo. Je, anaongeza kidogo kidogo hadi akuvuke, kisha anafuta dau? Alikuwa anapima kina cha mfuko wako.

Dalili moja haitoshi. Kila mtu alianza na alama sifuri. Zikikutana tatu, toka.

Na ukishindwa, kisha muuzaji akwambie mshindi amejitoa, ulichukue kwa dau lako la mwisho, usikimbilie. Dau hilo lilipandishwa na nani?

Kinga ni hii: jumlisha bei, usafirishaji hadi Nairobi na ushuru. Ujue mwisho wako. Kisha weka dau lako la juu mara moja tu, mnada ukikaribia kufungwa. Likipitwa, wacha liende. Magitaa ni mengi.